Ameniacha wiki sita zilizopita, sasa mwili umegoma

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31. Wiki sita zilizopita, mwanamke niliyeishi naye kwa miaka minne aliniambia tuachane. Hatukugombana. Alisema tu kwamba moyo wake umeshatoka. Nilidhani nitaumia siku mbili tatu yaishe, kumbe mwili ndio uliogoma. Kila siku naamka saa kumi alfajiri, moyo unanienda mbio kama nimekurupushwa, kifua kimebana. Chakula hakipiti. Nilikuwa na kilo 74, sasa nina 69. Kazini nasoma ukurasa mmoja mara tatu nisijue nimesoma nini.

Kinachonimaliza zaidi ni simu. Nikifumbua macho tu, naangalia mara ya mwisho alionekana mtandaoni saa ngapi. Kila baada ya siku nne tano ananitumia meseji, "umeamkaje", au picha yetu ya zamani. Siku hiyo nakula na kucheka. Kesho yake naporomoka kuliko mwanzo. Rafiki yangu alinishauri niandike yote yaliyonisibu, basi naandika hadi saa saba usiku, na nikilifunga daftari hali inakuwa mbaya zaidi. Nilisoma mahali kwamba parasetamoli hutuliza hata maumivu ya kuachwa, nikaanza kumeza vidonge viwili asubuhi na viwili usiku. Hii ni wiki ya tatu. Wenzangu wananiambia mwanamume halilii mwanamke.

Je, ninaumwa, au akili zinaniruka? Na jana usiku ameniandikia: "Hunikumbuki hata kidogo?" Sijamjibu. Nimjibu nini?

Asiyelala

Marahaba, mwanangu.

Akili zako zimetimia. Ulicho nacho ndicho wanachokiita arosto watu walioacha dawa za kulevya, na silitumii neno hilo kwa kupamba. Mwaka 2010, Helen Fisher na wenzake nchini Marekani waliwaingiza kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, watu 15 walioachwa hali bado wanapenda, wakawaonyesha picha za waliowaacha. Maeneo yaliyochangamka ubongoni ni pamoja na yale yanayotengeneza na kupokea dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kukitafuta anachokitamani. Baadhi ya maeneo hayo huchangamka pia kwa mraibu wa kokeini anapoitamani. Watu hao walieleza kwamba zaidi ya asilimia 85 ya muda wanaokuwa macho wanamuwaza mtu huyo. Ndiyo maana ukurasa mmoja unakushinda. Nafasi ya kusoma imeshakaliwa.

Sasa tazama hizo meseji za kila siku nne tano, kwa sababu naona ndizo zinazokuchelewesha kupona kuliko kuachwa kwenyewe. Dopamini haipandi sana unapopata kile ulichokuwa na hakika nacho. Hupanda zaidi unapopata usichotarajia. Laiti angekuandikia kila asubuhi saa mbili, ubongo ungezoea. Lakini anaandika siku usiyoijua, kwa hiyo kila unapoiwasha simu huenda yupo, huenda hayupo, na hiyo "huenda" ndiyo inayokurudisha kwenye skrini mara hamsini kwa siku. Mchezo wa kamari hushika watu kwa njia hiyo hiyo. Siku anapoandika unapata kidonge chako, unakula, unacheka, kisha kinaisha nguvu na arosto inaanza upya kutoka mwanzo. Wewe unahesabu wiki sita tangu uachwe, ila kwa hesabu ya ubongo wako una siku moja tu, tangu meseji ya jana.

Na hilo la mwanamume kutomlilia mwanamke, achana nalo kabisa. Mwaka 2009, Oliver Bosch, Larry Young na wenzao walichapisha utafiti juu ya aina ya panya wa mbugani wa Amerika Kaskazini, miongoni mwa mamalia wachache wanaodumu na mwenzi mmoja. Walichukua madume, wengine wakawatenganisha na majike wao, wengine na ndugu zao wa kiume. Baada ya siku chache wakawatia majini. Waliotenganishwa na ndugu zao walipigapiga miguu kutafuta pa kutokea. Waliotenganishwa na wenzi wao wengi walielea tu, wamekata tamaa. Homoni inayoamsha mfumo wa dharura wa mwili ilikuwa imewajaa ubongoni, na watafiti walipoizuia isifanye kazi, madume wale walirudia kupambana. Panya hajui habari za uanaume wala aibu. Mwili uliokwisha kujifunga kwa mwenzi ndivyo unavyofanya anapoondoka.

Homoni hiyo hiyo, hata kwa binadamu, hukata hamu ya kula. Pia huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Kwa kawaida kotisoli huanza kupanda usiku unapoelekea kwisha, na hufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka. Kazi yake hapo ni kukuinua kitandani. Kwako inapanda juu ya mwili ambao tayari uko macho, pamoja na adrenalini, ndipo unaamka saa kumi moyo ukidunda. Alfajiri huwa mbaya kuliko jioni kwa wengi wanaopitia hali hii, na ni vizuri ulijue hilo, kwa sababu saa kumi alfajiri ndiyo saa ambayo watu huandika meseji wanazojutia. Usiamue jambo lolote kumhusu kabla hujala na kabla jua halijapanda.

Lakini kwanza, nenda hospitali wiki hii. Kilo tano kati ya 74 ni karibu asilimia 7 ya uzito wako, na mtu anayepungua zaidi ya asilimia 5 bila kukusudia anatakiwa achunguzwe hata kama anaijua sababu. Omba wapime shinikizo la damu, sukari, umeme wa moyo kwa ECG, na homoni za tezi ya shingo. Hiyo ya mwisho isisahaulike. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi humpunguza mtu uzito, humkosesha usingizi na kumwendesha moyo mbio, kwa hiyo ni rahisi kuyasingizia mapenzi. Na kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, ukikosa pumzi, ukitoka jasho jembamba au ukizimia, usingoje miadi. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo. Upo ugonjwa ambao madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 wakauita takotsubo, jina la chungu cha kunasia pweza, kwa sababu upande wa kushoto wa moyo huvimba ukafanana na chungu hicho baada ya mshtuko mkubwa, ukiwemo wa majonzi. Takribani tisa kati ya kila wagonjwa kumi ni wanawake, wengi wao waliokoma hedhi, na wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Kwako uwezekano ni mdogo. Ila hakuna anayeweza kuutofautisha na shambulio la moyo kwa kusikiliza maelezo tu, si wewe wala si mimi. Ni mpaka vipimo.

Ukiwa huko, mweleze daktari habari ya parasetamoli na uombe kipimo cha ini. Nafahamu ulikoipata habari hiyo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ambamo watu wenye afya walioinywa kila siku kwa wiki tatu walisema maudhi ya kila siku ya watu hayawaumizi sana kama zamani. Hayo yalikuwa maudhi madogo madogo, si kuachwa na mwenzi wa miaka minne. Mwaka uliofuata, Ethan Kross na wenzake waliona kwamba walioachwa wakitazama picha ya mpenzi wa zamani, baadhi ya sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ya mwili huchangamka pia, na hapo watu wakahitimisha kwamba kuachwa na kuungua ni kitu kimoja. Sivyo. Mwaka 2014 baadhi ya watafiti hao hao walizipitia upya picha za ubongo kwa hesabu makini zaidi, wakakuta maumivu hayo mawili yana michoro tofauti, hata kama yanapita eneo moja. Vidonge vinne vya miligramu 500 ni gramu 2 kwa siku. Hujavuka gramu 4, kikomo cha mtu mzima, lakini ini la mtu asiyekula huishiwa na akiba inayotumika kuisafisha dawa hiyo, na ukiongeza pombe ndiyo kabisa. Acha leo. Haihitaji kupunguzwa polepole.

Turudi kwenye simu, maana hapo ndipo penye kazi.

Kata mawasiliano yote kwa siku 60. Idadi hiyo haina muujiza wowote. Ninaichagua kwa sababu ni ndefu ya kutosha ubongo kuacha kusubiri, na fupi ya kutosha mtu kuivumilia. Mbloku kila mahali ulipomhifadhi. Kuficha stetasi zake hakutoshi kwako, kwa sababu wewe huletewi habari zake, unazifuata mwenyewe. Usitazame kupitia simu ya rafiki. Mwaka 2012 Tara Marshall aliwauliza watu 464 kuhusu kumchungulia mpenzi wa zamani mtandaoni, akakuta wanaochungulia sana wana majonzi zaidi, hamu zaidi na ukuaji mdogo zaidi. Picha usizifute leo, kwani mtu aliyefuta kwa hasira hujikuta akizitafuta kwa marafiki. Zihamishie kwenye flashi, mpe ndugu unayemwamini akutunzie, kisha uziondoe kwenye simu. Waambie rafiki zako wawili watatu wa karibu, kwa maneno hayo hayo: "Msinipe habari zake, hata nikiuliza." Vitu vyake viandike kwenye orodha, vifungashe, vipelekwe mara moja tu na mtu wa tatu. Chaja iliyosahaulika isije ikawa sababu ya kuonana.

Nikuonye. Siku za mwanzo hali itazidi kuwa mbaya, na wengi wanashindwa hapo. Ubongo uliozoea kupewa, ukinyimwa, haunyamazi. Kwanza hupiga kelele zaidi. Utaota ndoto zake, utasikia simu ikitetemeka hali imezimwa, utapata sababu ya maana sana ya kumwandikia, pengine msiba au siku yake ya kuzaliwa. Wengine hulichukua hilo kuwa ushahidi kwamba walikuwa wameumbiwa huyo tu. Ni arosto inayoagana. Ukimjibu wakati huo utakuwa umeufundisha ubongo kwamba kelele kubwa zaidi ndizo zinazolipa, na safari ijayo itaanzia kwenye kelele hizo. Hamu ikipanda, tazama saa, jiambie "dakika 20", ondoka ulipo na ufanye kitu cha mikono kama kuosha vyombo, kufua au kupiga pasi. Wimbi hilo hupanda, hufika juu, hushuka lenyewe. Huna haja ya kupigana nalo, mradi tu usilipatie linachotaka.

Usiku, simu ilale chumba kingine. Nunua saa ya mezani ya kukuamshia, usije ukasema simu ndiyo alamu yako. Saa ya kuamka iwe moja siku zote, hata usiku ulikuwa mbaya kiasi gani, na hata siku ya mapumziko. Kitandani ingia ukiwa na usingizi, si kwa sababu umechoka kuwa macho. Ukiona umekaa kama dakika 20 hujalala (kadiria, usiangalie saa), toka, kaa kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi uje. Ukibaki kitandani ukimuwaza, kitanda kitageuka kuwa mahali pa kumuwazia. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha viishe saa sita mchana. Kikombe cha saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini saa tatu usiku. Pombe itakulaza upesi kisha ikuamshe saa ile ile ya alfajiri unayoikimbia.

Hiyo saa kumi ikikukuta, keti, miguu chini. Vuta pumzi kwa puani kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi, kupitia neva kubwa inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, kwa hiyo kurefusha kutoa pumzi ndiko kunakofanya kazi. Kuvuta kwa nguvu hakusaidii, kunaongeza kizunguzungu. Kukipambazuka, toka nje utembee nusu saa kwa mwendo wa kukaza. Siku tano za hivyo zinakupa dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima, na mwanga wa asubuhi unausaidia mwili kupanga upya saa yake. Kumbuka kwamba kwa miaka minne saa hiyo mliipanga wawili. Mlilala pamoja, mkala pamoja, mkaamshana, na sasa inabidi uipange peke yako.

Kuhusu kula, usingoje njaa, haitakuja kwanza. Kula kidogo kila baada ya saa tatu kwa kufuata saa. Vya majimaji hupita kwa urahisi zaidi, kama supu, maziwa au mtindi. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi. Usipime kila siku.

Daftari nalo lina kasoro yake, na rafiki yako hakukosea kwa nia. Kuandika hisia kumewasaidia watu wengi katika mambo mengine. Lakini mwaka 2013, David Sbarra na wenzake waliwachunguza watu wazima waliotoka kutengana na wenzi wao wa ndoa. Waliokuwa wakihangaika kutafuta maana ya yaliyowapata, wakaagizwa kuandika hisia zao kama hadithi, walipona polepole kuliko wenzao walioambiwa waandike shughuli zao za siku tu, bila hisia yoyote. Wewe ni wa kundi hilo. "Moyo umeshatoka" ni sentensi isiyo na mlango. Unaweza kuizunguka mwaka mzima ukitafuta kwa nini, na kila usiku ukaizunguka ukiwa umechoka zaidi. Basi daftari liwe la mchana, na jioni liandikwe ratiba ya kesho pekee: saa ya kuamka, saa za kula, mtu mmoja wa kuonana naye.

Mchana, dakika kumi zisizozidi, andika yaliyokuwa na kasoro. Usiandike matusi. Andika mambo halisi yenye siku na mahali: lini alikudharau mbele ya watu, lini ulinyamaza ili kusiwe na ugomvi, kitu gani ulikipenda ukakiacha kwa sababu yake. Sandra Langeslag na Michelle Sanchez walijaribu njia hii kwa watu 24 mwaka 2018. Kuwaza kasoro za mpenzi wa zamani kulipunguza mapenzi lakini kuliwaharibia hisia kwa muda huo. Kuwaza mambo mengine kabisa hakukupunguza mapenzi, lakini kuliwachangamsha. Kwa hiyo vitumie vyote viwili kwa mpangilio huo. Kwanza kasoro, dakika kumi, kisha mara moja jambo linalokushughulisha pamoja na mtu mwingine. Ukifanya la kwanza bila la pili, utabaki na uchungu mkononi jioni nzima.

Kuna jambo hukuliandika, nami lazima niulize. Je, umewahi kuwaza kwamba afadhali usiamke, au kujidhuru? Kama ndiyo, mwambie mtu leo kwa maneno yaliyo wazi, usilale peke yako, na uende kituo cha afya au idara ya dharura bila kungoja miadi. Na hata kama sivyo, ukiona huzuni au kutopendezwa na chochote kumekushika karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, kazi imekushinda, na kanuni hizi umezifuata lakini hakuna kinachosogea, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Daktari huyo huyo utakayemwona wiki hii anaweza kukuelekeza.

Utafiti ule wa Helen Fisher ulionyesha jambo moja zaidi: kadiri siku nyingi zilivyokuwa zimepita tangu mtu aachwe, ndivyo eneo la ubongo linalohusika na kushikamana lilivyochangamka kidogo alipoiona picha. Hilo hutokea taratibu, na mtu halihisi siku linapoanza.

Sasa meseji yake. Usilijibu swali aliloliuliza, kwa maana ukisema unamkumbuka umefungua mlango, na ukisema humkumbuki utakuwa umedanganya kisha uanze kubishana. Mwandikie hivi: "Nimesoma ujumbe wako. Nahitaji muda wa kupona, kwa hiyo kuanzia leo sitawasiliana nawe kwa njia yoyote. Vitu vyako vitaletwa Jumamosi. Nakutakia heri." Usiongeze jina la mapenzi wala lawama, na usiulize swali hata moja, kwa sababu swali lina jibu na utalingoja. Itume mchana, ukiwa umeshakula, ndugu yako akiwa ameketi pembeni. Kisha mbloku hapo hapo. Usisubiri tiki zigeuke rangi.